Mizabibu ikitoa maua huku Pwani: wa Tanga, Muheza, Pangani na Bagamoyo tukutane hapa

Mpogoaji wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Salaam wadau.

Kila masika yakiisha napigiwa simu zilezile na watu tofauti. Huyu anasema mzabibu umenawiri, majani yamefika juu ya bati, lakini zabibu hazioni. Yule anasema ulichanua vizuri tu, akaamka siku mbili tatu baadaye akakuta vishada vimebaki vijiti. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, nafungua uzi tumalizane humu. Nina mizabibu Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, na kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, upande wa Chinangali, kwanza kibarua kisha msimamizi. Si bwana shamba mwenye cheti. Mwenye cheti akipita humu anirekebishe, sina kinyongo.

Kabla hatujaanza kutajiana dawa, hili kwanza. Ulaya mzabibu hulala msimu wa baridi, joto likirudi unaamka wenyewe na kuchipua, halafu maua. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Unaamshwa na mkasi. Ukipogoa, macho yaliyobaki, yaani vile vivimbe vya kuchipulia kwenye tawi, yanavimba na kuchipua, na kama yana maua ndani, maua yanatoka na chipukizi hilohilo. Kwa hiyo anayepanga maua yafunguke juani au mvuani ni wewe uliyeshika mkasi, wala si mti. Watu wanahangaika na dawa na mbolea, tarehe ya kupogoa hawaiulizi kabisa, na kwa mtazamo wangu zabibu nyingi za Pwani zinaharibikia hapo.

Kwa joto letu, ukipogoa leo macho yanachipua ndani ya wiki moja au mbili. Chipukizi likifika majani manne matano utaona kitu cha kijani kama kichane kidogo kimetokea upande wa pili wa jani. Hicho ndicho kishada. Maua yanafunguka wiki tano au sita hivi tangu mkasi, na kuvuna ni kama miezi minne, kutegemea aina. Sasa chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Ukipogoa Februari, maua yako yanafunguka mvua za masika zikiwa zimeanza. Ukipogoa Septemba mwishoni, umeyapeleka kwenye vuli. Mimi napogoa katikati ya Juni, mvua kubwa zikishapita. Maua yanafunguka mwisho wa Julai, kusi linavuma, mchana hauchomi na usiku una ubaridi kidogo. Navuna Oktoba kabla vuli halijakolea.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Fundi Waya

Nimeweka kambi. Mkuu weka na picha ya hayo maua, maana mimi nina mzabibu mwaka wa tatu huu na sijawahi kuona ua. Naona vitu vya kijani tu halafu ghafla vipunje.

Mpogoaji wa Pongwe

Umeyaona, ila hukujua ndiyo yenyewe, fundi. Usitegemee ua la kupendeza kama la mkarakara. Ua la mzabibu ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti na rangi yake kijani tupu. Petali zake tano zimeshikana juu zikawa kofia moja. Maua mengine hufunguka kuanzia juu kwenda chini. Hili ni kinyume: kofia inaachia pale chini, kwenye kikonyo, inakauka rangi ya kahawia, inanyanyuka nzima kisha inadondoka. Ndani yake zinachomoza stameni tano zimezunguka kifuko kidogo cha kijani kama chupa. Hicho kifuko ndiyo zabibu yako ya baadaye. Kina vyumba viwili, kila chumba mayai mawili, ndiyo maana zabibu moja haizidi mbegu nne ukiihesabu.

Nenda asubuhi, umande ukikauka. Sogeza uso karibu na kishada, shika kwa chini na kiganja, ukigonge taratibu kwa kidole. Kama kimeiva utaona kiganjani vikofia vya kahawia kama pumba za mchele, na unga wa njano kidogo. Kuna na harufu, tamu lakini ya kujificha, haifiki mbali. Kishada kimoja kina maua mia kadhaa na hayafunguki yote siku moja. Shamba zima huchukua kama wiki, au zaidi kukiwa na mawingu.

Mzee wa Forodhani

Yaani ua lenyewe waja leo waondoka leo. Kumbe mzabibu nao ni mtu wa Tanga, yakhe 😂

Bi wa Kaole

Kaka yangu Mpogoaji, shikamoo ya uzi huu. Mimi niko Bagamoyo, njia ya kwenda Kaole. Nina mizabibu kwenye chanja nyuma ya nyumba, pingili nililetewa na shemeji yangu kutoka Dodoma. Mwaka huu vishada vilitoka vingi mpaka majirani wakaja kupiga picha. Vilipoanza kudondosha hivyo vikofia, mvua ikaanza, haikukatika. Kuna vishada vimegeuka kahawia vikajikunja ncha kama ndoana. Vingine vimebaki vijiti vyenye zabibu mbili tatu. Kwenye duka la pembejeo nikaambiwa nipige mbolea ya maji ya kukuzia ili maua "yapate nguvu". Nikapiga, majani yakazidi, maua yakazidi kudondoka. Tatizo ni mvua, ni ugonjwa au ni hiyo mbolea?

Mpogoaji wa Pongwe

Marahaba dada. Nijibu matatu kwanza. Ulipogoa lini? Ukigeuza majani ya karibu na hivyo vishada, chini kuna kitu cheupe? Na chanja lako, ukisimama chini yake adhuhuri unaona mbingu?

Bi wa Kaole

Tulipogoa mwezi wa pili, baada ya arobaini ya mama mkwe, nakumbuka kwa sababu watu walikuwa wengi na tukapata wasaidizi. Chini ya jani kipo, cheupe kama sufi, juu ya jani mahali hapohapo pana doa la njano kama limemwagiwa mafuta. Chanja giza tupu, watoto wanachezea kivulini.

Mpogoaji wa Pongwe

Basi yote matatu uliyouliza yamo, ila hayalingani uzito.

Mvua ndiyo kubwa. Mzabibu wa kufugwa una dume na jike ndani ya ua moja, unajichavusha wenyewe. Mvua ikinyesha kutwa, kofia zinalowa zinang'ang'ania badala ya kuachia, na chavua inaoshwa kabla haijafanya kazi. Ua lisilochavushwa halingoji, linadondoka ndani ya siku chache. Na uelewe, hata hali ikiwa nzuri kabisa maua mengi hudondoka. Kishada kikishika theluthi hadi nusu ya maua yake kimefanya vizuri. Maua yote yangegeuka zabibu, zingebanana mpaka zipasukie humo ndani. Kwa hiyo kuona maua chini si msiba. Msiba ni kuona kijiti kitupu.

Hicho cheupe chini ya jani, na doa la mafuta juu, ni ugonjwa wa ubwiri vinyoya. Huo unapenda maji juu ya jani, na joto la Bagamoyo halijawahi kuwa dogo kiasi cha kuuzuia. Unashambulia vishada vichanga, ndivyo hivyo vilivyojikunja kama ndoana. Havitarudi. Vikate, vitoe nje ya shamba, usivirundike chini ya chanja.

Ile mbolea ya kukuzia ilimaliza kilichobaki. Wakati wa maua kuna mashindano ndani ya tawi: ncha inayorefuka inataka chakula, na maua yanataka chakula. Ukimwaga naitrojeni, ile iliyomo kwenye mbolea ya kukuzia, wakati huo umeipa ncha ushindi. Aliyekuuzia alitaka kuuza chupa. Badala yake, karibu na maua kufunguka, vunja ncha za matawi kwa vidole, jani moja au mawili ya mwisho. Tawi linasimama kurefuka kwa siku kadhaa, chakula kinabaki kwenye vishada. Haina gharama.

Gogo la Hombolo

Nasoma kimyakimya lakini hapa nimeshindwa kunyamaza. Watu wa Pwani mna mambo. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, tena Agosti hadi Septemba. Zabibu za Makutupora zinajulikana nchi nzima. Wewe mkuu umetoka huku huku Chinangali, umefika Tanga unawafundisha watu kuvuna mara moja? Unawatia umaskini.

Mpogoaji wa Pongwe

Karibu mtani. Chinangali nilivuna mara mbili na wewe, sikatai. Lakini Dodoma mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600 kwa kawaida, inakuja msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha inakaa kimya miezi. Mko juu, zaidi ya mita 1,000, hewa kavu, jani likilowa asubuhi saa nne limekauka. Tanga mvua inapita milimita 1,200 kwa mwaka, masika yake peke yake huweza kukaribia mvua yenu ya mwaka. Na hata siku isiyo na mvua, hewa ya bahari ina unyevu usiku kucha.

Mavuno ya pili hapa yangetaka maua yafunguke Januari. Maua yenyewe yangeshika, Januari na Februari ni kukavu. Lakini hesabu mbele: zabibu zinaiva Aprili. Aprili ya Tanga unaijua? Zabibu zinapasuka na kuoza kwenye kishada. Umeokoa maua, umezika matunda.

Gogo la Hombolo

Hapo kwenye Aprili nakuelewa. Lakini Februari na Machi kwetu pia kuna mvua na tunavuna. Mtu akipiga dawa kwa ratiba anavuna. Usiwavunje moyo.

Mpogoaji wa Pongwe

Mnavuna, na mnajua bili ya dawa inavyokuwa kwenye mavuno ya mvua ukilinganisha na yale ya Agosti. Mwenye ekari tano na mnunuzi wa kiwandani anaweza kupiga hesabu hiyo. Mwenye chanja nyuma ya nyumba Bagamoyo, anayetaka watoto wale zabibu na kilo chache auze sokoni, mimi nitamwambia mara moja kwa mwaka, zabibu safi. Tubaki hapo, tusikubaliane.

Kijana wa Mikanjuni

Mimi wa lile kundi la kwanza, majani mpaka juu ya bati bila zabibu. Mzee amesema nikate nipande mnazi. Haujawahi kutoa hata kishada kimoja. Nilipanda pingili, si mbegu. Unapata maji, unapata samadi ya ng'ombe.

Mpogoaji wa Pongwe

Usikate. Swali lako ndilo zuri kuliko yote humu, na jibu lake ni refu, vumilia.

Maua unayoyaona mwaka huu hayakutengenezwa mwaka huu. Yalitengenezwa ndani ya jicho wakati tawi linakua msimu uliopita. Jicho likiwa bado changa, pembeni mwa jani, ndani yake kunaota kitu kidogo ambacho bado hakijaamua kuwa nini. Kinaweza kuwa kishada au kinaweza kuwa kikono, ile kamba inayojisokota kwenye waya. Ni kitu kimoja hicho, asili yake moja. Jicho likipata jua na joto, na tawi lina akiba ya chakula, linaelekea kwenye kishada. Likikaa gizani chini ya majani, linaelekea kwenye kikono. Ukitaka kuhakikisha, angalia vikono vya mzabibu wako vizuri, vyote, usivivute tu. Utakuta kimoja au viwili vimejisokota upande mmoja, na upande wa pili vina maua matatu manne ya kudanganyia. Hicho ni kishada kilichokatishwa tamaa njiani.

Sasa mzabibu haujapogolewa miaka yote, umepanda juu ya bati, umejifunika wenyewe. Macho yote ya ndani yamekua gizani. Samadi nayo inauchochea uendelee kurefuka. Utazaa nini zaidi ya kamba?

Fanya hivi. Mara hii pogoa mkato mkali usiotegemea zabibu, lengo liwe matawi mapya. Machipukizi yakitoka, chagua machache yenye afya, yatandaze kwenye waya yasipandane, mengine toa. Yaache yakomae juani miezi sita au zaidi, mpaka ngozi yake igeuke kahawia. Samadi simamisha. Halafu pogoa mara ya pili kwa ajili ya matunda, acha macho kadhaa kwa kila tawi. Idadi inategemea aina, kuna zinazozaa kwenye macho ya chini na kuna ambazo macho mawili ya mwanzo hayana kitu. Kama hujui aina yako, tawi moja lipe macho matatu, jingine sita, jingine kumi, ujionee lipi limezaa. India, kule Maharashtra, wakulima wengi wanafanya hivyo hivyo: mkato wa Aprili kutengeneza matawi, mkato wa Oktoba kutafuta matunda, mavuno moja. Sijabuni mimi.

Kwangu mkato wa matawi ni Novemba baada ya kuvuna. Vishada vinavyojitokeza Desemba navitoa vyote vikiwa bado vidogo. Wengine inawauma. Jua la Januari na Februari ndilo linalopika macho ya Juni, na sitaki tawi ligawane chakula chake na zabibu zitakazooza Aprili.

Kijana wa Mikanjuni

Nimescreenshot kabla mzee hajaleta panga. Shukrani sana mkuu.

Nyuki wa Handeni

Nina mizinga Handeni na rafiki yangu mwenye mizabibu ananishawishi nimletee michache wakati wa maua, anasema zabibu zitaongezeka. Kuna ukweli?

Mpogoaji wa Pongwe

Mwambie akupe nauli tu. Nyuki watakuja, utawaona asubuhi wanafagia chavua, lakini asali hakuna cha kutengenezea, ua lile halina nekta ya maana. Na mzabibu unajichavusha hata bila wao, mara nyingi chavua imeshamwagika pale kofia inapoachia. Nyuki hawadhuru. Anayedhuru ni anayepiga dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, anaua nyuki wako bure. Mizinga iache kwenye miti ya Handeni.

Mzee wa Forodhani

Na wale wanaotikisa waya asubuhi "kusaidia chavua"? Jirani yangu anatikisa mpaka nguzo zimelegea.

Mpogoaji wa Pongwe

Upepo wa kusi unamtosha. Aache nguzo.

Mkorosho Mkinga

Nawasalimu kutoka Mkinga. Huku tuna salfa ya unga ya mikorosho, kila nyumba ina kiroba. Ubwiri wa maua ya mkorosho na huo wa zabibu si mmoja? Nipige tu?

Mpogoaji wa Pongwe

Hapa watu wasome polepole, maana salfa inasaidia na inaunguza.

Zabibu ina ubwiri wa aina mbili. Ubwiri unga ni ule unaofanya jani na kishada kama vimepakwa vumbi la ngano, *juu* ya jani pia, na hauhitaji mvua, unapenda kivuli na hewa nzito. Huo ni ndugu wa ule wa mkorosho, vimelea tofauti lakini tabia zinafanana, na salfa inaufaa. Wakulima wa zabibu Ulaya wanatumia salfa tangu karne ya 19, ulipowaingilia kutoka Marekani. Ubwiri vinyoya wa Bi wa Kaole ni mwingine kabisa. Salfa haiugusi. Huo ndio uliowafanya Wafaransa wabuni mchanganyiko wa shaba na chokaa, Bordeaux, mwaka 1885. Kwa hiyo kabla hujafungua kiroba, geuza jani. Cheupe chini peke yake na doa la mafuta juu, weka salfa pembeni.

Kuhusu kuunguza: salfa juu ya nyuzijoto 32 hivi inachoma majani na vishada vichanga. Mkinga mwezi wa pili saa sita mchana utakaanga shamba. Julai asubuhi sawa. Na dawa za shaba usizipige maua yakiwa wazi, hasa hali ya unyevu, zinababua. Kinga inapigwa *kabla*, vishada vikiwa bado vimefungwa kama vichwa vya pini, kisha tena zabibu zikishashika. Wiki tatu nne baada ya maua ndizo zabibu zinaingiliwa na ubwiri unga kirahisi kuliko wakati wowote, baada ya hapo ngozi inakuwa na ukinzani wake. Soma kibandiko cha dawa, na usichanganye salfa na dawa za mafuta.

Mshambaa wa Soni

Mkuu hesabu zako za Julai ukizileta huku kwetu utatuangamiza. Niko Soni, Lushoto. Mwezi wa saba huku ukungu unashuka mpaka mlangoni, watu tunalala na mablanketi mawili. Nilipogoa Juni kwa kumfuata mtu wa Tanga mjini. Vishada vilitoka, kofia hazikuachia, zikakaukia juu ya ua. Baadaye kishada kimoja kina zabibu kubwa chache na nyingine nyingi ndogo kama punje za mtama, hazikui. Watawa wa Sakharani hapa karibu wanatengeneza divai miaka na miaka, kwa hiyo milima haikatai zabibu.

Mpogoaji wa Pongwe

Umesema kweli na nashukuru umekuja, maana mkoa ni mmoja lakini hali ya hewa si moja. Ua la mzabibu linafanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 20 na 30. Chini ya 15 chavua inazubaa, haioti kufika kwenye mayai, na kofia zinakwama. Juu ya 35 nayo inakufa. Julai yangu ya Pongwe ndiyo inanipa katikati. Julai yako ya Soni inakushusha. Watu wa milimani chelewesheni mkasi mpaka Agosti, maua yafunguke Septemba joto likirudi, na mjue kwamba mavuno yatachelewa vilevile kwa sababu ya ubaridi, kwa hiyo vuli litawagusa zabibu zikiiva. Afadhali uulize Sakharani wanapogoa lini kuliko kuniuliza mimi wa chini huku.

Hizo zabibu za mtama pamoja na kubwa: baridi inafanya hivyo. Upungufu wa madini ya boroni na zinki nao unafanya hivyo hivyo hata kwenye joto. Zabibu ndogo mara nyingi haina mbegu, au mbegu ilianza ikafa. Ukubwa wa zabibu unafuata mbegu zilizomo.

Bi wa Kaole

Udongo wangu ni mchanga mtupu wa pwani. Hiyo boroni inapatikana wapi, na nitajuaje kama inapungua?

Mpogoaji wa Pongwe

Mchanga na mvua nyingi ni sababu tosha ya kushuku, boroni inaoshwa na maji kirahisi. Lakini usinunue ukamwaga kwa kushuku. Boroni kati ya kupungua na kuwa sumu ni hatua fupi mno. Peleka udongo upimwe. Taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, Muheza, wana maabara ya udongo na ndiyo kazi yao. Wakikuambia inapungua, inapigwa kiasi kidogo sana kwenye majani kabla maua hayajafunguka, si baada. Samadi iliyooza vizuri nayo husaidia mchanga kushika kilichomo, lakini iweke baada ya kuvuna, usisubiri maua.

Maji: wakati wa maua usiache mti ukauke mpaka majani yalegee, na usifurike. Mwagilia chini, shinani. Anayemwagia mpira juu ya chanja jioni anaupikia ubwiri chakula cha usiku.

Gogo la Hombolo

Hapo kwenye maji ya jioni nakupa mkono. Na mchwa? Au Tanga hamna mchwa?

Mpogoaji wa Pongwe

Mchwa wapo, wanakula nguzo kabla ya mzabibu. Fungua uzi wako mtani, nitakuja.

Fundi Waya

Nimetoka kuangalia wangu sasa hivi na tochi. Nimekuta kikono chenye maua mawili kwenye ncha, kama ulivyosema! Nguzo zangu nafunga upya, waya mistari miwili nitandaze matawi. Swali la mwisho: pingili unauza?

Mpogoaji wa Pongwe

Pingili nitakuwa nazo siku za mkasi wa Juni, kabla ya hapo sikati. Sitozi, lakini mje wenyewe Pongwe na gazeti lililolowa la kufungia, zisikauke njiani. Kila pingili macho matatu au manne, unene wa penseli, ngozi ya kahawia. Zenye kijani sitoi hata ukilia. Bi wa Kaole, wewe usichukue kwangu, mti wako ni mzima. Subiri Juni, fungua paa la hilo chanja mpaka uone mbingu, na kabla ya mkasi nitumie picha ya chini ya majani.

Bi wa Kaole

Nimekuelewa kaka. Watoto watatafuta kivuli kwenye mwembe.